Rangi ya Nana

Jumamosi, 4 Oktoba 1997

Walimu tumegoma nchi nzima, na mimi nikikosa darasa la kugombeza hugombeza watu wa nyumbani. Ndiyo maana nimechukua daftari la hesabu ambalo halijaandikwa kitu. Afadhali nigombane humu ndani.

Leo nimeshinda mtaa wa Kuze, hapa Mombasa, kwa Mama. Wa kuandikwa kwanza ni Nana, mtoto wa ndugu yangu Jaffar. Ana mwaka mmoja na nusu. Alizaliwa na mirija ya nyongo iliyoziba, nyongo ikabaki ndani ya ini na kuliharibu mpaka likawa gumu. Macho yake ni manjano ya bizari. Tumbo limejaa maji, miguu imekuwa vijiti, na ngozi humuwasha akajikuna mpaka akatoka damu. Ana meno sita na maneno manne, na neno alipendalo ni "hapana." Analitamka kama hakimu.

Mama yake ni Dama, Mgiriama wa Kaloleni. Alisilimu alipoolewa, lakini lile jina alilosilimu nalo halitumiwi na mtu. Ana mimba ya miezi sita. Hapa naweza kuandika nisiloweza kulisema mezani: nina donge na wifi yangu huyu. Nana alipofikishwa kwa daktari wa watoto alikuwa ameshapita miezi miwili na nusu. Walimpasua Nairobi wakajaribu kuunganisha ini na utumbo ili nyongo ipate njia, wakasema mmechelewa, upasuaji huu hutaka mtoto asiyezidi miezi miwili. Mwaka ule mimi nilikuwa nafundisha Malindi. Najua tu kwamba Dama alilala arubaini yake yote ndani, akisingwa na kupikiwa, na kila siku akikunja nepi zenye choo cheupe kama chokaa. Mama gani haoni hilo?

Jumatatu, 6 Oktoba

Tumekwenda kwa Daktari Nekesa, mimi, Jaffar na Dama. Ni mama wa Kibukusu, msemaji wa pole pole, hakuogopeshi wala hakudanganyi. Amesema dawa zimefika mwisho wake. Kilichobaki ni Nana apate ini jingine.

"Linapatikana wapi?" Jaffar aliuliza, kana kwamba ni kipuri, naye kazi yake ndiyo hiyo, karani wa ghala la vipuri Shimanzi.

Daktari alieleza kwamba Kenya operesheni hiyo haifanywi. Ulaya huchukua ini la mtu aliyekufa, lakini foleni ya watoto ni ndefu na sisi ni wageni. Ipo njia ya pili. Kuna hospitali London inayokata kipande cha ini la mtu mzima aliye hai, ndugu wa damu, ikampandikiza mtoto. Ini, alisema, ni kiungo cha ajabu: kwa mwenye kukatwa huota tena lile lililopungua, na kile kipande hukua pamoja na mtoto.

"Nikateni mimi," Dama alisema hata kabla daktari hajamaliza.

"Wewe una mimba, mama. Haiwezekani."

Dama aliinamisha kichwa. Mimi nikasema moyoni, na mimba hii nani alikutuma?

Damu ya Jaffar imechukuliwa.

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua.

Jumamosi, 11 Oktoba

Damu ya Jaffar haipatani na ya Nana. Ndugu yangu alikaa barazani na karatasi ya majibu mkononi, watu wakipita wanamwamkia, naye anaitikia "alhamdulillahi" kwa kila mmoja. Alipoingia ndani alilia. Sijamwona akilia tangu tumzike baba.

Hakuna aliyenitazama. Wote walikuwa na adabu sana leo. Dama alinitengea chai na mahamri, hakuinua macho. Damu yangu mimi ni kundi lile lile la Nana, wanajua, nilikwenda Nairobi kumtolea alipopasuliwa.

Jumanne, 14 Oktoba

Mgomo umekwisha. Darasa la Saba wamesahau sehemu na desimali zote kana kwamba tuligoma miaka mitatu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua tangu Jumatano bila kupumzika. Redio inasema hii ndiyo El Nino iliyotabiriwa. Dari ya Kuze inavuja mahali patatu. Mama ametega ndoo mbili na sufuria ya pilau, na Nana hukaa mbele ya sufuria kwa sababu mlio wake ni mzuri zaidi. Tone likianguka, yeye hucheka. Jingine likikawia, huliita kwa mkono. Amekaa hapo mchana kutwa na tumbo lake mapajani kama mtu aliyepakata mzigo wa mwingine.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimewaambia.

Nilitaka niseme kwa utulivu lakini nilisema kwa hasira, kwa kuwa ndivyo nilivyo. Nilimwambia Jaffar, "Unangoja nini, mpaka nijikate mwenyewe nikuletee kwenye sahani?" Jaffar alinishika mkono akaubusu, mdogo wangu huyu niliyekuwa nikimpiga makonzi.

Mama alitoka jikoni na mwiko wake. "Hakuna wa kukatwa katika nyumba hini," alisema. "Mmoja yuwaumwa, mwataka wawe wawili."

"Mama, litaota tena."

"Nani alirudi akanionyesha?"

Hata mimi nimeambiwa tu. Sheikh wa msikitini ameulizwa na Jaffar, naye amesema kuokoa roho hakukatazwi. Mama alisema sheikh hakukatwa yeye.

Nitaandika ukweli. Naogopa. Nina miaka thelathini na tisa, niliolewa nikaachika, sikujaaliwa mtoto. Watu watasema Shufaa hana cha kupoteza. Nina mwili wangu, ninaupenda, haujawahi kupitiwa na kisu. Lakini nikimtazama Nana akililia tone la maji lianguke, naona kwamba woga wangu hauna haki ya kukaa mbele yake.

Nilipokuwa natoka Dama alinifuata ushorobani, akanifunga vizuri kishungi cha buibui kama anayemvalisha mtoto. Sikupenda. Nilihisi ananinunua.

Jumanne, 28 Oktoba

Majibu yangu yamerudi. Sina homa ya ini, sina virusi, figo nzuri, moyo mzuri. Daktari Nekesa ametabasamu kwa mara ya kwanza. "Mwalimu, una ini la msichana." Nimelirudia neno hilo njia nzima mpaka kwangu Ganjoni, katika maji yaliyonifika magotini.

Alhamisi, 6 Novemba

Barabara ya Nairobi imekatika, madaraja yamechukuliwa na maji. Picha za ini langu zilizokuwa zipelekwe kwa basi zimerudi Mombasa. Sukari imepanda. Nairobi kwa Mombasa sasa ni kama nchi mbili.

Jumapili, 9 Novemba

Picha zimepelekwa kwa ndege. Habari za pesa sitaziandika humu. Jaffar anazihangaikia, misikiti miwili na kanisa moja la Kaloleni wamechanga, na mimi nimechoka kusikia.

Jumatano, 12 Novemba

Mtihani wa Darasa la Saba na la Nane. Mwalimu mwenzangu Zilpah ameshika zamu zangu mbili bila kuombwa. "Wewe kale maini," aliniambia, kisha akashika mdomo wake kwa haya. Tulicheka mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini.

Jumamosi, 15 Novemba

London wamejibu. Wanakubali. Wanataka tuwe huko kabla ya katikati ya Desemba, wapate kunipima wenyewe. Barua ya faksi imefifia, lakini Jaffar ameisoma mara nyingi kiasi kwamba hahitaji tena kuiona.

Mama aliuliza, "London kuna baridi?" Hilo tu ndilo aliloliuliza. Jioni nilimkuta ametoa sweta ya marehemu baba, anaitia viraka viwiko.

Jumatatu, 17 Novemba

Nana amejikuna mpaka shavu limechanika. Dama amekata soksi za Jaffar, akamshonea mifuko ya mikono na utepe wa kufungia shingoni, isipotee. Kazi safi. Nilitafuta kosa nikalikosa.

Ananiletea uji wa mtama shuleni kila asubuhi, yeye na mimba yake ya miezi saba, kutoka Kuze mpaka Ganjoni kwa miguu. Amemsikia daktari akisema mtoaji aende akiwa na nguvu. Nilimwambia aache, nitapika mwenyewe. Kesho yake akaja tena.

"Ukianguka njiani?" nilimuuliza.

"Sijaanguka, wifi."

Basi. Hayo ndiyo mazungumzo yetu.

Jumapili, 23 Novemba

Siku ya leo inataka kurasa zake.

Mchana alikuja Mercy, mdogo wake Dama, aliyekuwa akimsaidia wakati wa uzazi wa Nana na sasa anafanya kazi ya kushona Ganjoni. Dama alikuwa juu amelala na mtoto. Mama alikwenda kwa jirani. Tulikaa uwani mimi na Mercy tukichambua mchele. Nikaanza maneno yangu. Nilisema, kwa sauti ya kujifanya nasikitika, kwamba lau mtoto angepelekwa mapema tusingekuwa hapa.

Mercy aliuweka chini ungo.

"Dada Shufaa, kwani wewe hukuambiwa?"

"Niambiwe nini?"

Akanieleza. Wiki ya tatu baada ya kuzaliwa Nana, Dama alimwonyesha nepi. Akamwambia choo cha watoto wa kwao hakiwi hivi, na macho haya si ya kawaida. Siku hiyo hiyo akavaa buibui, akamfunika mtoto, akashuka mpaka mlango wa mbele. Mama alikuwa hapo na wageni wake. Akamuuliza anakwenda wapi. Dama akasema hospitali, mtoto ni manjano. Na Mama akacheka, akamwambia mbele ya wageni wote, "Hayo si manjano. Hiyo ni rangi yetu. Kwenu hamuijui."

Niliacha kuchambua mchele. Nilikuwa nimeisikia sauti ya Mama katika yale maneno, yalikuwa yake kabisa.

Lazima nieleze, ingawa ni aibu. Mama ni mtu wa Kuze, mweupe, na watu wake walijivunia hilo kuliko nyumba zao. Aliolewa na baba, Mdigo wa Matuga, na sisi watoto wote tukamfuata baba. Aliposhika mjukuu wa kwanza na akamwona anang'ara, alisema Mungu amemrudishia. Niliporudi kutoka Malindi likizo ile nilimkuta bado anasimulia. Wageni waliokuja kumpongeza walisema mashallah, mtoto amemshabihi bibi yake. Nyumba nzima ilikuwa inasifu ugonjwa.

"Kisha akamwambiaje?" nilimuuliza Mercy.

"Akamwambia hakuna mzazi anayetoka nyumba hii kabla ya arubaini, atamtia mtoto katika macho ya watu. Dada akarudi juu. Alipotoka siku ya arubaini alikwenda moja kwa moja zahanati na sanduku la nepi. Wakampa chupa ya dawa ya maji, wakamwambia arudi baada ya mwezi."

Nilipanda juu. Dama alikuwa ameamka, anamfungua Nana mifuko ya soksi ili apoe mikono. Nikamuuliza kwa nini ameniacha mwaka mzima nikimsema. Kwa kuwa najua aliyasikia yote, nyumba ya Kuze haina ukuta usiosikia.

"Ningesema, wifi, ungemfanya nini mamako? Na mimi ningekaa vipi na mama mkwe aliyevunjika?"

"Lakini kosa halikuwa lako."

"Mlango haukuwa na kufuli," alisema. "Nilisimama hapo. Yeye alisema neno tu, hakunishika. Ningeweza kutoka."

Nilikaa kitandani. Nana alipanda mapajani pangu akaanza kunigonga tumbo kwa kiganja, kama anavyogonga sufuria isipodondoka maji. Nilimwomba Dama radhi. Nilitumia neno hilo hasa, radhi, na nikaona anashangaa kulisikia kwangu.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimeamka nikiwa na maneno ya kumwambia Mama, yamepangwa kama somo. Nikamkuta Kuze amekaa na Nana miguuni, anampaka mafuta ya nazi kwenye mikwaruzo, kidole kimoja, taratibu.

"Ndoo hapa ukae, Shufaa. Yeo amekula uji bakuli zima."

Nikakaa. Somo langu lilibaki mdomoni. Daktari Nekesa hakuwahi kusema mbele ya Mama ile habari ya miezi miwili, Mama haendi hospitali, magoti hayamruhusu. Kwa hivyo hajui. Au anajua ila hataki kujua. Nimerudi shuleni bila kusema, na sasa nimefahamu uzito wa kitu alichokibeba Dama, maana mimi nimekibeba asubuhi moja tu nami tayari mabega yananiuma.

Alhamisi, 27 Novemba

Shule imefungwa. Mvua.

Jumatatu, 1 Desemba

Viza zimetoka Nairobi lakini pasipoti zimekwama. Waliotumwa nazo wako upande wa pili wa daraja lililobebwa. Jaffar ameacha kula.

Jumatano, 3 Desemba

Pasipoti zimefika, zimelowa pembeni. Tunasafiri Jumatano ijayo, mimi, Jaffar na Nana. Dama atabaki, hawapandishi ndege mwenye mimba ya namna yake. Amekwisha kufunga begi la mtoto. Kanga ameitia juu kabisa, ile aliyoilalia yeye, ili Nana ainuse akilia.

Jana alinifundisha jinsi ya kumbeba bila kubana tumbo, jinsi ya kumpa dawa kwa pembe ya mdomo, na wimbo wa Kigiriama anaolalia. Sijui Kigiriama na sijui kuimba. Nilijifunza. Alinisahihisha mara nyingi kwa ukali, kama mwalimu, na nilimtii.

Jumamosi, 6 Desemba

Ninaandika nikiwa kwenye benchi la hospitali.

Jana baada ya sala ya Ijumaa tulikuwa tunakula. Nana alikuwa mbele ya sufuria yake. Akakohoa, akasema "hapana," akatapika damu. Si ya kuchirizika. Sufuria ya pilau iliyokuwa na maji ya mvua yote iligeuka nyekundu. Mama ndiye aliyekuwa karibu, akamshika kichwa, akawa anasema "Ya Latifu, Ya Latifu," na mikono yake imetapakaa.

Hapakuwa na gari linaloingia vichochoro vya Kuze. Kahindi muuza mkaa alimwaga mkaa wake wote njiani, tukamlaza Nana kwenye mkokoteni juu ya magodoro, Jaffar akimfunika kwa mwavuli. Kahindi alisukuma mbio kwenye maji mpaka barabara kuu, huko tukapata teksi. Dama alikimbia nyuma na mimba yake. Hakuna aliyemwambia asikimbie.

Daktari Nekesa anasema ini likiwa gumu damu hukosa njia, mishipa ya koo hufura, siku moja hupasuka. Wamemtia damu, mbili katika chupa hizo ni zangu. Damu imesimama, lakini amelala na haamki vizuri. Ini haliwezi tena kusafisha sumu, zimepanda kichwani.

"Tumpeleke leo," nilimwambia. "Nitieni kisu hapa hapa. Ninyi ni madaktari, kateni."

Alinishika mabega. "Mwalimu, hata ningekukata, hapa hakuna wa kumshonea. Na hawezi kupanda ndege hivi. Tungoje tuone kama ataamka."

Ninangoja. Kipande chake kiko hapa chini ya mbavu zangu, upande wa kushoto wa ini, nimeonyeshwa kwenye picha. Kiko umbali wa ukuta mmoja kutoka kwake.

Jumapili, 7 Desemba

Nana amefariki saa nne asubuhi, kabla ya adhuhuri tukamzika.

Jumanne, 9 Desemba

Nitajaribu kuandika.

Maiti ya mtoto wa kike huoshwa na wanawake. Mama alisema ataosha yeye, na mimi nimiminie maji. Dama alikaa kwenye mkeka ukutani, hakuweza kuinama. Stima zilikuwa zimekatika kwa mvua, kwa hivyo Mama aliagiza dirisha lifunguliwe lote. Mwanga wa mchana ukaingia, mweupe, ule wa baada ya mvua.

Mama aliosha upande wa kulia, akaosha wa kushoto. Alikuwa na adabu ya kazi ile, amewaosha wengi. Alipofika kwenye mkono alisita. Aliushika ule mkono mdogo akauweka kando ya wake, ngozi kwa ngozi, chini ya mwanga. Alitazama muda mrefu. Maji yalikuwa yakinitoka kwenye kata, nikayazuia.

"Haikuwa rangi yetu," alisema.

Hakumwambia mtu. Nilimtazama Dama. Alikuwa amesikia, macho yamemjaa, akatikisa kichwa kunikataza nisijibu. Mama akaendelea kuosha. Tukatia kafuri, tukamvika sanda.

Jumatano, 10 Desemba

Leo ndiyo ingekuwa safari. Nilisikia ndege ikipita juu ya Ganjoni nikaenda kufunga dirisha.

Nina ini zima. Halikupungua hata kidogo. Kila mtu ananiambia nina thawabu ya nia, nami nawaitikia vizuri. Sikutaka thawabu, nilitaka kovu.

Jumanne, 30 Desemba

Jana watu walipiga kura. Leo wanautafuta mwezi. Mama haongei sana. Ndoo zimeondolewa, fundi ameziba dari mahali pote, na sufuria ya pilau imepotea. Nadhani yeye ndiye aliyeitupa.

Jumanne, 6 Januari 1998

Ramadhani. Mvua bado.

Jumapili, 18 Januari

Dama amejifungua mtoto wa kiume hospitalini, salama. Ameitwa Chirau, jina la marehemu baba yetu. Amemfuata baba pia, mweusi. Mama alimpokea, Jaffar akamwadhinia, kisha Mama akamrudisha kwa mama yake bila kusema amemshabihi nani.

Jumanne, 20 Januari

Mama hufua nepi zote mwenyewe. Nimemwona leo kabla ya kufua. Alipanda na nepi mpaka juu, akaifungua dirishani, akaitazama kama anayesoma. Kisha akashuka nayo.

Alhamisi, 22 Januari

Nilifika Kuze asubuhi nikamkuta Mama amevaa buibui. Magoti yale yale, na mkononi ana fimbo ya marehemu baba. Chirau alikuwa kifuani pake, amefungwa kwa kanga mbili.

"Yuwaanza umanjano machoni," aliniambia. "Twende kwa huyo daktari wenu."

"Mama, watoto wengi huwa hivyo siku za mwanzo."

"Watoto wengi si wetu."

Dama alikuwa amesimama kwenye ngazi, mzazi wa siku nne, kanga tumboni. Alitazama mlango, akamtazama Mama. Mama alimwambia, "Na wewe vaa. Mwenye kumjua mwanawe ni wewe, nitamweleza nini daktari?"

Tukatoka sote watatu, mtoto akiwa wa nne. Kuze nzima ilikuwa barazani ikipunga upepo wa saumu, kwa kuwa mvua ilikuwa imepumzika. Mzee Chonga muuza kofia alishangaa. "Bi Thureya, mwamtoa mtoto? Na arubaini?"

"Arubaini tutaimaliza tukirudi," Mama alisema, wala hakupunguza mwendo.

Daktari Nekesa alimvua Chirau, akamtazama macho, akambonyeza tumbo, akatoa damu kisigino. Kisha akafungua nepi. Ilikuwa manjano, manjano ya bizari hasa, pale inapotakiwa iwe. "Hii ndiyo rangi tunayoitaka," alisema. "Huo wa machoni ni mdogo, utaondoka wenyewe. Nyongo yake inapita."

Dama alifunika uso kwa mtandio. Mimi niliegemea ukuta.

Mama peke yake ndiye aliyebaki wima. Alikuwa na swali, na nilijua ni lipi kabla hajalisema, nikataka kumzuia nikashindwa.

"Daktari. Yule wa kwanza, lau angeletwa hivi, siku kama hizi, angekuwako?"

Daktari alinitazama mimi, akamtazama Dama, kisha akamtazama Mama kwa heshima. "Huenda, Mama. Si hakika. Wengine hupona, wengine huhitaji ini vile vile. Lakini huenda."

Mama aliitikia kwa kichwa. Aliikunja ile nepi chafu, akaitia katika mkoba wake. Muuguzi alitaka kuitupa, akamwambia ataifua mwenyewe.

Tulirudi taratibu. Mlangoni pa nyumba Mama alisimama pale pale alipokuwa na wageni wake mwaka ule. Alimfungua Chirau kifuani, akampa Dama.

"Siku nyingine ukiona jambo," alimwambia, "usije kuniuliza. Toka."

Dama alimpokea mtoto. Kisha alifanya jambo ambalo sikulitarajia, alimshika Mama kiwiko akamsaidia kupanda kidaraja cha mlango, maana magoti yalikuwa yamemchosha. Wakaingia. Nilibaki nje kidogo na ile fimbo mkononi, mpaka wakaniita nikamshikie mtoto.